Nina miaka 44, nina krauni na daraja mdomoni. Bado naweza kufunga waya meno?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 44, naishi Morogoro, ni ofisa mikopo kwenye SACCOS. Nina mume na watoto watatu. Tatizo langu wengine wataliona la kipuuzi, lakini limeninyima raha kwa muda mrefu.

Nimezaliwa na kukulia Arumeru, chini ya Mlima Meru, na kama wengi wa kule, meno yangu yaliota yakiwa ya kahawia. Nilipoenda kusoma bweni mkoa mwingine waliniita Chai ya Rangi, na jina likanifuata mpaka namaliza kidato cha nne. Nilipopata kazi, kitu cha kwanza cha maana nilichofanyia mshahara ni kuyavisha meno mawili ya mbele, ya juu, krauni nyeupe, yaani vifuniko. Baadaye gego la chini kulia liling'olewa, sikuweka kitu. Juu kushoto nina daraja la meno matatu, la bandia katikati likishikwa na mawili ya jirani, na gego jingine lilitibiwa mzizi likavishwa krauni ya chuma. Kwa kifupi mdomo wangu ni kama gereji, kila fundi kaacha alama yake.

Sasa miaka ya karibuni meno ya mbele yamehama. Kati ya zile krauni mbili pamefunguka mwanya ambao sikuzaliwa nao. Moja limetoka mbele na linaonekana refu kuliko mwenzake. Ya chini yamepandana, nyama au mchicha ukinasa hapo inanichukua nusu saa na kijiti. Lile refu nikilisukuma kwa ulimi nahisi linacheza kidogo, ila haliumi. Fizi hutoka damu nikipiga mswaki, lakini hilo la siku nyingi, hata mama yangu (yeye ana kisukari) fizi zake ziko hivyo hivyo.

Naimba kwaya, sauti ya kwanza. Tulirekodi video ya Pasaka, na nilipoiangalia nililia. Wenzangu wote wamefungua vinywa, mimi nimebana midomo, na kwenye pambio nimeinua kitambaa cha mkono usawa wa mdomo. Sikujua kama huwa nafanya hivyo.

Nimekwenda kliniki moja hapa mjini. Daktari akasema kwa umri wangu waya ni kujitesa, atang'oa lile linalocheza, atasaga meno manne ya jirani na kuniwekea daraja kubwa la mbele, wiki tatu nimemaliza. Akaongeza kuwa kwenye pengo la gego anaweza kunipandikizia jino la skrubu sasa hivi. Nikaenda Dar es Salaam kwa bingwa wa kupanga meno. Yeye akasema waya unawezekana, miaka miwili hivi, lakini daraja la kushoto litakatwa na jino moja zima la juu litang'olewa kupata nafasi. Bei yake milioni 3 na laki 8, nilipe kwa awamu. Rafiki yangu naye ananiambia kuna kijana anafunga waya nyumbani kwake kwa laki 4, "ni zile zile tu".

Kikoba chetu kinavunjwa Desemba na mgao wangu unakaribia hiyo milioni 3. Mume wangu nilipomweleza alicheka: "Mke wangu, unataka kuolewa mara ya pili?" Halafu akasema kama hela ya waya ipo, afungwe binti yetu wa miaka 13, ambaye meno yake pia yamepandana na ndiye mwenye maisha mbele. Hapo nikakosa la kujibu. Najiona mbinafsi, na wakati huo huo nina hasira. Nifanyeje?

Mama wa kitambaa, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi, na nilipopigia mstari si pale uliposisitiza wewe. Unaniuliza kama mama wa umri wako, mwenye kazi zote hizo mdomoni, anaweza kufunga waya, na kama ana haki ya kutumia hela ya kikoba kwa ajili hiyo. Umeniwekea mezani daraja la wiki tatu, waya wa miaka miwili, kijana wa laki 4, na binti. Lakini katikati umepitisha haraka haraka, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba jino linacheza na fizi zinatoka damu siku nyingi. Mimi si daktari wa meno na mdomo wako sijauona. Ila hapo ndipo ningeanzia, kabla ya bei, kabla ya umri, kabla hata ya mumeo.

Jiulize kwanza: kwa nini yamehama sasa? Meno yaliyokaa mahali pake zaidi ya miaka ishirini hayaamki asubuhi moja na kufungua mwanya. Mara nyingi kwa mtu mzima sababu ni ugonjwa wa fizi. Ugaga hukaa chini ya fizi, fizi huvimba, na taratibu mfupa unaoshika mizizi hupungua. Jino likishakosa mfupa wa kutosha, msukumo ule ule wa ulimi na mdomo uliokuwa hauliwezi unaanza kulisogeza mbele. Ndiyo maana linaonekana refu. Na huo ugonjwa hauumi, au huuma ukiwa umeshakula sana, kwa hiyo "haliumi" yako hainipi faraja. Ongeza na lile gego ulilong'oa ukaacha pengo: jirani zake huinamia kwenye nafasi, la juu hushuka kulifuata, na kazi ya kutafuna huhamia kwingine. Inawezekana kabisa mwanya wa mbele ulianzia nyuma kulia.

Kulijua hili si kazi kubwa. Daktari anachukua kijiti chembamba chenye alama za milimita, anapima kati ya fizi na jino kuzunguka kila jino. Fizi nzima husoma 1 hadi 3. Ikianza 4 na kuendelea, na damu inatoka, pana mfuko, yaani fizi imeachana na jino. Halafu picha ya eksirei inaonyesha mfupa umebaki kiasi gani. Katika barua yako yote sioni popote ambapo mtu amekupima hivyo. Labda walikupima ukasahau kuandika. Kama hawakupima, basi wote wawili, wa Morogoro na wa Dar, wamekupangia safari bila kuangalia barabara ipoje, na ni haki yako kurudi na kuuliza.

Na kwa kuwa mama ana kisukari, kapime sukari pia. Sukari isiyodhibitiwa huharibu fizi haraka na huzuia zisipone, na wapo wanaogundulika kwa njia hiyo hiyo, wameanza kwa kulalamikia meno.

Usinielewe vibaya, sisemi fizi zikiwa mbovu ndoto imekufa. Kinachokatazwa ni kufunga waya juu ya fizi zinazooza, kwa sababu hapo mfupa uliobaki hupotea kwa kasi zaidi. Fizi zikisafishwa mpaka chini, damu ikakoma, na mwenyewe ukaonyesha kwa miezi kadhaa kwamba unaweza kuzitunza, hata aliyepoteza mfupa kiasi hufungwa waya, kwa nguvu ndogo na uangalizi wa karibu. Wakati mwingine jino lililokuwa linacheza hutulia kidogo baada ya kusafishwa tu. Sasa hebu fikiria ungekuwa umeshaling'oa.

Kuhusu umri, yule daktari wa wiki tatu nisingemfuata kwenye hilo. Jino husogea kwa sababu mfupa wa upande linakoelekea huyeyuka na wa nyuma yake hujijenga, na mfupa hauachi kufanya hivyo ukifikisha miaka 40. Kwa mtu mzima huchukua muda zaidi, na taya lililokwisha kukua haliwezi kuongozwa kama la mtoto. Basi. Swali lako halisi ni lile la pili, la hizo kazi zilizomo mdomoni, na hapa kila moja ina habari yake.

Krauni za mbele zinaweza kubandikwa vibati vya waya, ila kauri haishiki gundi kama jino la asili. Daktari huikwaruza na kuipaka dawa maalumu kwanza. Siku ya kubandua inaweza kumeguka. Na hata isipomeguka, jino likirudi mahali pake huenda ukingo wa krauni ukaonekana kwenye fizi, au umbo lake lisifae tena. Kwa hiyo kwenye hesabu ya milioni 3 na laki 8 weka na uwezekano wa krauni mbili mpya mwishoni. Uliza hilo kabla, lisikukute baadaye. Yale meno yako mengine ya kahawia nayo huweza kugoma na gundi, vibati vikawa vinadondoka mara kwa mara. Daktari aliyezoea watu wa Arusha na Kilimanjaro anajua la kufanya.

Gego lililotibiwa mzizi lisikutishe, husogea kama mengine mradi picha ionyeshe mzizi uko salama. Daraja ndilo gumu. Meno mawili ya pembeni yamefungwa pamoja na la bandia katikati, hakuna linaloweza kwenda kokote peke yake, ndiyo maana bingwa wa Dar anataka kulikata. Hajakosea, ila muulize: je, upande huo lazima usogee? Kama shida iko mbele na kulia, pengine daraja linaweza kubaki kama lilivyo. Na kama ni lazima likatwe, utakaa na nini hapo kwa miaka miwili? Mara nyingi jino la muda huning'inizwa kwenye waya wenyewe.

Jino la skrubu, hilo tafadhali lisubiri. Jino la asili limeshikwa na nyuzi laini zinazoliruhusu kusogea. La skrubu limeota ndani ya mfupa na halisogei tena maisha yake yote. Ukiliweka leo na kesho ukaamua kufunga waya, meno mengine yatapangwa kulifuata lilipo, pazuri au pabaya. Wapo wanaolitumia kwa makusudi kama mhimili wa kuvutia mengine, lakini huo ni mpango wa madaktari wawili waliokaa pamoja, si wa mmoja kukupa kwa kuwa umeshakaa kwenye kiti.

Njoo sasa kwenye daraja la wiki tatu. Silipuuzi. Kuna watu wenye kazi za safari, au ambao jino limeshaharibika kabisa, linawafaa. Lakini jino likishasagwa, gamba lake halioti tena. Na krauni hazidumu milele. Hubadilishwa, na kila mara jino la ndani linapungua. Katika hayo manne mengine ni mazima, hayajawahi kuguswa na fundi. Halafu daraja kubwa litaegemea meno ambayo huenda nayo yamepoteza mfupa. Fizi zisipotibiwa, linalocheza leo ni moja, baadaye linaweza kucheza daraja zima. Ukimrudia, muulize swali moja tu: hayo manne yana mfupa kiasi gani?

Wa Dar naye ana ya kujibu. Anataka kung'oa jino zima ili apate nafasi, kwa mtu ambaye tayari ana mapengo. Inaweza kuwa sahihi, maana pengo la chini kulia halisaidii msongamano wa juu. Lakini juu, wewe mwenyewe unaniambia una mwanya, hukuniambia una msongamano. Muulize kama hakuna njia nyingine, kwa mfano kupunguza pembeni mwa meno sehemu ndogo sana ya milimita. Muulize pia kama kuna mpango mfupi, wa kushughulikia meno ya mbele peke yake, bila kugusa daraja. Kama majibu hayakuridhishi, tafuta maoni ya tatu. Chuo Kikuu cha Muhimbili kinafundisha madaktari wa meno, na mahali wanapofundisha ndipo bingwa wa fizi na bingwa wa kupanga meno hukutana kwa urahisi. Nenda na picha zako za eksirei, zote.

Waya wenyewe una gharama ambazo hazimo kwenye risiti. Utakwenda Dar kila baada ya wiki nne hadi nane kukazwa. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 si mateso kama enzi za basi, lakini nauli ni nauli na ruhusa ya kazini ni ruhusa. Siku za mwanzo utakunywa uji. Mahindi ya kuchoma na miwa utaviaga kwa muda. Kusafisha kila kibati kila usiku ukiwa umechoka, na hapo ndipo watu wazima wengi hushindwa. Mizizi inaweza kufupika kidogo. Meno yakishanyooka, kwa aliyepoteza fizi, hubaki vijinafasi vyeusi vya pembetatu kati ya jino na jino karibu na fizi, na hakuna anayependa kuvitaja siku ya kwanza. Baadaye kuna kifaa cha kuyashikilia, waya mwembamba nyuma ya meno au kile cha plastiki cha kuvaa usiku, na kwako kitakuwa cha maisha, kwa sababu meno yako yameshaonyesha yanajua kuhama. Kingine kinachonitia hofu zaidi ya bei ni awamu. Mgao wa kikoba ukiisha njiani, mgonjwa akaacha kwenda, waya unabaki unavuta bila wa kuuangalia. Uliza mapema itakuwaje ukikwama miezi mitatu.

Kijana wa laki 4 sitampotezea wino mwingi. Hana eksirei, hana kijiti cha kupima fizi, na wewe una jino linalocheza.

Ipo pia njia ambayo hakuna aliyekutajia: kutibu fizi, kuunganisha jino linalocheza na jirani zake kwa waya mwembamba nyuma lisiendelee kwenda, kuziba pengo la gego kwa jino la bandia la kuvaa na kuvua, na kuyaacha mengine yalivyo. Haitakupa tabasamu la picha. Itakupa muda, na gharama yake ni ndogo kwa mbali. Wapo wanaoishia hapo wakaridhika, wapo wanaopumzika mwaka mmoja kisha wakaendelea na waya. Wewe ungeweza kuishi na ya chini yakiwa yamepandana, mradi mwanya umeacha kukua? Sijui. Ni wewe unayejua kinachokufanya uinue kitambaa: mwanya, au bado ni rangi?

Nauliza kwa sababu Chai ya Rangi imo ndani ya barua hii kuliko unavyodhani. Mwanangu, rangi ile ilitokana na floraidi. Miamba ya volkano ya Meru inaitoa kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda ule vinapita hapo mbali. Magadi ya kulainishia maharage yanaongeza. Inaingia kwenye jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya, utotoni, kabla hujajua hata kushika mswaki. Hukuwa mchafu. Waliokucheka bweni walikunywa maji ya mtaa mwingine. Hili linaweza kutibiwa peke yake, kwa njia zake, na si lazima libebwe na waya.

Mumeo nimemcheka kidogo, nisamehe. Lakini nimejiuliza ulimweleza nini. Kama ulimwambia "nataka kufunga waya", alisikia urembo, na akajibu urembo. Je, anajua kuna jino linacheza? Anajua unaweza kulipoteza? Mwonyeshe. Mwache aliguse kwa kidole. Huenda bado akasema hela hakuna, na atakuwa na haki ya kusema, lakini mtakuwa mnazungumzia kitu kimoja.

Na binti. Miaka 13 ni umri mzuri wa waya, baba yake hakukosea hapo. Taya bado linakua na mambo mengine huwa mepesi. Ila mmemgawia hela bila kumuuliza. Ameomba? Yanamsumbua, au ni ninyi mnaoyaona? Amewahi kuonwa na daktari akasema ni ya kufunga sasa, au yanaweza kusubiri mwaka? Inawezekana kabisa gharama za kwanza, za fizi zako na za kumpeleka yeye akaangaliwe, zikatoka kwenye mgao mmoja, na uamuzi mkubwa wa nani afungwe lini ukaja baadaye mkiwa na picha mbili mezani. Inawezekana pia hesabu ikagoma na mmoja asubiri. Kama ni wewe, uliza kwanza fizi zinakuruhusu kusubiri muda gani. Kama ni yeye, mweleze mwenyewe, kwa sababu ubinafsi unaouogopa mara nyingi hukua pale mtu anapoamuliwa kimya kimya.

Desemba haiko mbali. Kabla kikoba hakijavunjwa, kapime fizi na sukari, kisha niandikie tena: namba alizosoma daktari, na alichojibu binti.

Shangazi